Viwiko Vikavu

Kwa miaka ishirini na miwili nilimshikia Injinia futi kamba. Yeye alikuwa mhandisi wa barabara na mitaro wa halmashauri ya jiji, mimi kibarua wa idara yake. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno hunikwama kooni. Yeye naye hakuwa msemaji, kwa hiyo tulielewana.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido ya chini, jirani na stoo ya majembe. Meza ilikuwa na mguu mmoja wa tofali, na ukutani palikuwa na msumari wa kutundikia ovaroli yake ya buluu. Wenzake aliosoma nao walikwishapanda vyeo, wakahamia ghorofani kwenye mazulia. Yeye alibaki na mitaro.

Kilichombakiza ni ovaroli hiyo. Mkandarasi akimaliza kalvati, lile tundu la zege la kupitisha maji chini ya barabara, mhandisi hutia saini kwamba amelikagua. Wengine walitia saini bila kushuka garini. Injinia alivaa ovaroli, akawasha tochi, akaingia chini ya barabara kwa tumbo. Mafundi wa ujenzi walimwita Bwana Panya.

"Bwana Panya, ukimkuta chatu humo mpe salamu zetu!"

"Nitamwambia mnakuja," sauti ilijibu kutoka ardhini.

Mara nne alikataa kutia saini, na mara zote nne wakubwa walimnunia. Mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, aliwahi kuniambia, "Mume wangu ana jina lake tu. Anataka astaafu nalo likiwa safi, basi."

Kalvati la Bondeni lilikabidhiwa zikiwa zimebaki wiki kumi astaafu. Lilipita chini ya barabara mpya, juu kidogo ya vibanda vya mafundi cherehani. Siku hiyo goti lake la kulia lilikuwa limevimba, hata viatu alivalishwa na shemeji. Wakubwa walisimama barabarani na suti zao, wakitazama saa.

"Kumbe hata panya anazeeka!" mkandarasi akacheka.

Injinia akanipa ovaroli. Hakuwahi kunipa.

"Ndugu yangu, leo ingia wewe. Mpaka kwenye kona utakwenda kwa magoti. Kuanzia hapo dari linashuka, utambae kwa viwiko. Tafuta mbao. Wakizisahau zile za kushikilia zege, maji hayapiti."

Niliingia. Nilipofika kwenye kona, nikaona tundu lilivyokuwa dogo, nikaogopa kukwama humo. Nilimulika mbele nikaona weusi. Nikajiambia ni giza tu. Nikarudi kinyumenyume.

"Vipi huko?"

"Safi, Injinia."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole. Kisha akatia saini juu ya boneti ya gari.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Maji yalikwama ndani ya kalvati, yakarudi nyuma, yakafurika barabarani na kuporomoka kwenye vibanda. Ukuta ulimwangukia fundi cherehani akiwa kazini. Tulipofukua, mguu wake ulikuwa bado uko kwenye pedali.

Mbao tulizitoa siku iliyofuata. Zilikuwa kumi na moja, hatua mbili tu kupita kona.

Kamati ya uchunguzi ilipoketi nilikuwa kwenye benchi karibu na mlango.

"Nani aliingia kukagua?" mwenyekiti akauliza.

Nilisimama. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Niliingia mimi," Injinia akasema. "Sikuziona."

Aliachishwa kazi zikiwa zimebaki siku tisa. Hakuna aliyemuaga. Kule Bondeni, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, mtu aliandika kwa mkaa: Bwana Panya muuaji.

Ilinichukua mwezi mzima kwenda kwake. Shemeji alinifungulia mlango.

"Karibu shemeji. Yuko uani. Siku hizi hata redio hataki."

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha.

"Injinia, nimekuja kusema. Sikufika mwisho. Niliishia kwenye kona."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulipotoka, magoti yalikuwa na tope. Viwiko vikavu." Alilisugua goti lake. "Niliviona kabla sijashika kalamu."

"Sasa mbona ulitia saini?"

Shemeji akaleta chai, akaiweka, akaondoka.

"Walikuwa wanatazama saa," Injinia akasema. "Na goti liliniuma."

"Nitakwenda kuwaambia ni mimi niliyeingia."

"Kunywa chai, ndugu yangu. Inapoa."

Asubuhi yake nilikwenda kwa mhandisi mpya. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno njia nzima, na safari hii yalitoka yote: kona, weusi, viwiko. Alinisikiliza huku akipekua karatasi. Msumari ulikuwa bado uko ukutani, mtupu.

"Mzee, faili hilo lilishafungwa," akasema. "Nisogezee ile fomu pale."

Ilikuwa fomu ya kalvati la nyuma ya soko, lililokabidhiwa jana yake. Nilimsogezea. Akatia saini palepale alipokaa, akanirudishia niipeleke ghorofani.

Nikaipeleka.