Siku Darasa la Dada Liliponyamaza

Dada yangu anafundisha ujenzi wa madaraja chuo kikuu, kwa mkataba wa muda, na darasa lake lina kelele kuliko stendi ya mabasi. Wanafunzi wanambishia, naye anawabishia. Hata nyumbani ndivyo alivyo. Mama alishanyoosha mikono kitambo.

Chuo kina utaratibu wake. Kabla hujapewa ajira ya kudumu, mhadhiri wa kitivo kingine huja kukaa nyuma ya darasa lako, anatazama unavyofundisha, kisha anakupa alama. Dada alipangiwa mzee mmoja wa fasihi, mpole, mtu wa sweta. Ajira yote ilikuwa mikononi mwake.

Wanafunzi waliposikia, wakapatana chini kwa chini: siku hiyo hakuna kubisha, mwalimu asije akaaibika. Basi wakakaa kimya kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Ukimya ule ulimvuruga dada. Akaanza kuharakisha, na kwenye hesabu ya nguzo akajumlisha uzito wa magari, akasahau uzito wa daraja lenyewe. Alipogeuka aliwasoma machoni: walikuwa wameona. Hata hivyo wote wakaitikia kwa vichwa. Mzee wa fasihi naye akaitikia, akaandika kitu huku akitabasamu. Hakugundua lolote. Dada alibakiza kufuta ubao na kuaga tu.

Hapo ndipo hasira zilipompanda.

“Mmeona nimekosea,” akawaambia, “halafu mmenyamaza?”

Kisha mwanafunzi mmoja mtu mzima, wanayemwita Bibi Zege kwa sababu alishafanya kazi za ujenzi, akasimama.

“Tulitaka ubaki, mwalimu.”

Dada akafuta ubao wote, akaanza upya, na safari hii walibishana mpaka kipindi kikaisha.

Mzee alimsifu, lakini kosa ni kosa; akamkata alama. Ajira ikaota mbawa, akaongezewa mwaka mmoja wa mkataba uleule. Mimi niliumia, sifichi. Jioni ile, dada akiwa jikoni anamenya viazi, Mama alimuuliza kwa uchungu angepungukiwa nini kama angenyamaza, maadamu mkaguzi mwenyewe hakujua kitu.

Dada hakuinua macho.

“Wale ndio watakaojenga madaraja, Mama. Na wewe ndiye utakayepita juu yake.”