Simu Iliyoita Nyumbani kwa Marehemu

Fundi aliyetunza kompyuta kuu ya ofisi yetu hapa Kitale amezikwa kwao Bungoma. Pikipiki ilimtupa kwenye mteremko wa Kapsokwony. Hamkumjua, wasomaji wangu, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri hakuna anayeiona. Alichoka kukimbia kutoka Bungoma kila mashine ikikwama, akaiwekea njia ya kuingia kwa simu akiwa nyumbani. Kompyuta yake inapiga, anaandika jina na neno la siri, mashine ya Kitale inakata simu, halafu yenyewe inapiga namba ya nyumbani kwake. Ikipokelewa na kompyuta yake, ndipo inafungua. Nilimuuliza, “Na mwizi akijua hilo neno?” Akacheka. “Si ajue tu, bana! Mashine itaita kwangu, si kwake.”

Baada ya mazishi nilienda kumpa mjane pole, nikiwa nimemshika mwanangu mkono. Tuko kwenye chai, mchana kweupe, simu ya mezani ikaita. Mtoto wa marehemu, umri mmoja na wangu, akaikimbilia, akasikiliza, akatabasamu. “Ni Baba. Anapiga mluzi.”

“Ng'oeni hiyo waya!” shangazi wa marehemu akapaza sauti. “Mtu hajatulia huyo.”

“Inaita tangu tumzike, dada,” mjane akaniambia polepole. “Nikiishika haiongei, inalia tu. Huyu mtoto ndiye anaijibu. Anaiimbia.”

Nikaichukua. Mlio mrefu, mwembamba, kama mtu anayeita akiwa ndani ya bomba. Halafu kimya. Kimya cha anayengoja ajibiwe. Mwili ulinisisimka, maana mlio huo naujua, nausikia kazini kila siku. Ilikuwa mashine yetu, inamtafuta. Ndipo woga ukageuka hasira. Mashine haipigi kwake mpaka mtu aandike jina la fundi na neno lake kwanza. Nani alikuwa anaandika jina la maiti?

Kumbe ni mkubwa wetu, akiwa kwake Kiminini. Marehemu alikuwa amemwachia neno la siri, kwa dharura. “Mama Toto, kelele za nini?” akaniambia nilipompigia. “Jina lake ndilo linafungua kila kitu. Najaribu tu, lakini inakata.”

“Haikati! Inapiga kwake. Na mtoto wake anaipokea, ati anaongea na babake!”

Jina likafutwa siku hiyo hiyo.

Tunajua kuchanga, kukodi gari la matanga, kusimama kaburini na kusema alikuwa mchapakazi. Kumbe tukirudi ofisini bado tunamtuma. Wakubwa, mtu akifa, futeni jina lake kwenye mashine zenu kabla hamjanunua shada. Msingoje. Mimi nilichelewa kujua, na sasa simu ile imenyamaza. Mjane ameniambia mtoto bado anakaa kando ya simu, anaimba kidogo, anasikiliza. Jana alimuuliza mamake ni nani aliyemkataza Baba kupiga.