Nilichagua Kamera Yenye Sauti, Sasa Najuta Kusikia

Admin, naomba unifichie jina na usiweke picha yoyote. Mawifi zangu wamo humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume, tunaishi Kiseke hapa Mwanza. Nashona nguo sokoni. Naandika nikiwa kwenye cherehani, nikikosea mnivumilie.

Mama yangu mzazi anaishi kwetu. Maisha yake yote alikaa ng'ambo, upande wa Sengerema, akikausha samaki kwa moshi, na samaki hao ndio walionisomesha. Moshi umemwachia macho mekundu. Ninyi wa kanda hii mnajua bibi mwenye macho mekundu anaitwa nani. Kijana wa jirani alipofariki, watu walianza kumnyooshea vidole kuwa ndiye mchawi aliyemroga, wakampigia bati mawe. Nilivuka na kivuko cha Kamanga nikamchukua na begi lake moja. Mume wangu alimpokea bila neno, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanaume wa aina hiyo.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai pamoja wala hawali pamoja, ni heshima. Kwa hiyo mama hushinda nje, barazani karibu na geti. Mume wangu akirudi anainamisha kichwa, anasema "Shikamoo mama," anapita. Hajawahi hata kumpandisha kwenye gari lake. Mshike hilo, maana ndilo linaloniua.

Miezi ya karibuni wezi waliruka ukuta wakang'oa pampu ya maji mchana kweupe, mama akiwa amesinzia palepale. Tukaamua kuweka kamera. Fundi alituletea mbili za nje, zote zinavumilia mvua, zote zinaona gizani, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ni ya picha tu. Nyingine inasikia, na unaweza kuongea na aliye getini kwa simu yako ukiwa popote. Mume wangu akasema, "Chukua ya picha. Mwizi tunataka sura yake, maongezi yake ya nini?" Nikaitikia. Alipoondoka nikamwambia fundi afunge yenye sauti. Sikuwa na nia mbaya jamani, nilitaka nimsikie mama nikiwa kazini. Mume wangu anatumia simu ya kitochi, mambo ya kamera aliniachia mimi.

Ikawa siri yangu na mama. Mchana nyumba ikiwa tupu anasimama chini ya kamera, anainua uso: "Mwanangu, umekula?" Namjibu, anacheka kama mtoto, na wateja wangu nao wanacheka.

Sasa sikilizeni. Mwanangu ana seli mundu. Daktari alitueleza wote wawili, mimi na mume wangu, kwamba mtoto amerithi kwetu sote. Wiki iliyopita alizidiwa, na juzi shemeji yangu mkubwa akaja kumjulia hali. Mimi nilikuwa sokoni, mama amejifungia chumbani kwa ajili ya mgeni. Shemeji alipoaga, mume wangu akamsindikiza. Mnatujua, ndani tunaongea habari za mvua na mahindi, neno lenyewe linatolewa getini. Simu ikaniashiria kuna watu pale. Nikaiweka sikioni.

Shemeji alisema, "Mdogo wangu, yule bibi mmemleta wa nini? Macho yale huyaoni? Mtoto anaisha huyu."

Mume wangu akajibu, "Naona kaka. Nimechoka. Jumamosi namrudisha kwao."

"Mkeo je?"

"Nitamwambia kuna madaktari wa macho wamekuja kule, wanatibu bure."

"Na wale wa kule wanajua anarudi?"

Halafu mume wangu, baba wa mwanangu, akasema, "Utawaambia wewe. Mimi namfikisha mpaka anaposhukia tu. Ya mbele ni yao, mimi sitakuwepo."

Nguo ya watu niliishona mpaka kidole. Sikulia. Nilikaa tu naangalia damu.

Jioni mume wangu alikula vizuri, akaniambia kuhusu hao madaktari. Nikamuuliza, "Mwanza yote hii yenye hospitali, mgonjwa avuke maji kufuata macho?" Akatabasamu: "Nataka nimpeleke mwenyewe. Na yeye ni mama yangu." Nilitamani kumtupia sahani. Nikatoa vyombo.

Nikimwambia nimesikia, atajua namsikiliza, na sijui atafanya nini, maana mtu niliyemsikia getini simjui. Nikienda polisi na sauti ile, namfunga baba wa mtoto mgonjwa, na dawa za mtoto ni yeye anayezinunua. Ndugu wa kumpelekea mama sina, kaka yangu alizama ziwani. Na fundi aliniambia kumbukumbu ya kamera ikijaa inafuta ya zamani yenyewe. Kila mtu anayepita getini ananipunguzia ushahidi.

Leo ni Alhamisi. Mchana simu imeashiria. Mama amesimama chini ya kamera na kitenge kipya nilichomshonea, cha kuvaa kanisani. Ameinua yale macho yake akaniambia, "Mwanangu, mumeo ni mtu mwema. Mkwe wangu mwenyewe ananipeleka macho! Nikipona nitakuona vizuri humo ulimo."

Ameita tena, "Mwanangu, upo?"

Jamani, nishaurini kabla ya Jumamosi. Nimjibu nini mama yangu?