Jina la Ukoo Lililoishia Castle Vale

Yule mzee wa Castle Vale, mtaa wa huku ughaibuni, ofisi iliyoniajiri kutunza wazee majumbani ilitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama rika langu. Mimi hilo siliwezi. Kwetu Kenya mtu mzima huitwa kwa mwanawe, Baba Fulani, Mama Fulani, na ukutani kwake palikuwa na picha ya msichana wa sare ya shule, jina lake limeandikwa chini. Basi shifti yangu ya kwanza nikamsalimu kwa jina la yule msichana: Baba Fulani, umeamkaje?

Akaweka kikombe chini, akalia. Binti yake wa pekee alifariki akiwa bado mwanafunzi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba radhi, nikamwambia sitarudia.

"Rudia," akasema. "Hakuna aliyeniita hivyo tangu tumzike."

Baada ya hapo, nikimkanda miguu, alinisimulia habari za jina lake la ukoo. Lilikuwa jina la kijiji chao kule Galisia, Uhispania, nyumba chache za mawe juu ya mto. Waliohama waliitwa kwa jina la walikotoka, likawafuata. Umaskini ukawasukuma hadi Kuba na Ajentina, na huko wamejaa tele. Kijijini kwenyewe imebaki miiba tu.

"Kwetu mwanamke akiolewa haachi jina lake," alisema akiitazama picha. "Watoto hupewa la baba na la mama. Huyu angelipeleka mbele. Sasa linakufa na mimi."

Mimi na domo langu nikamwambia, si limejaa Ajentina, litakufaje?

"Hao ni wao. Mimi nasema nyumba hii."

Nikaendelea kumkanda miguu. Iliniuma, maana langu mimi nililiacha kanisani siku ya harusi na wala sikuliaga. Akaniomba jambo moja tu: siku ya kumzika, nimwite nilivyozoea kumwita.

Alifariki wakati wa baridi. Makaburini tulikuwa padri, jirani yake wa ghorofa ya chini, na mimi. Padri alimtaja kwa jina la kwanza, tena kwa upole. Jeneza lilipoteremshwa kando ya kaburi la binti nikasogea, nikamwita Baba wa yule msichana, kisha nikaongeza jina la ukoo.

Jirani akaniuliza kama nami ni wa ukoo huo. Nikasema hapana.

"Wenyewe wako wapi?"

Nikamwonyesha makaburi yale mawili.