Vidonge Nilivyomeza kwa Ajili ya Kidonda

Vita vilitutoa Masisi, na kambini Mugunga jiwe la volkano likanikata mguu, ukaanza kuvimba. Muuguzi wetu, Mama Kavira, alikuwa ametufundisha kwamba mara nyingi homoni za kike husaidia mwili kupigana na mikrobe, vile vijidudu vya ugonjwa, na za kiume hupunguza nguvu hiyo. Mimi na akili zangu nyingi nikamuomba vidonge vya kupanga uzazi, maana vina homoni hizo za kike, nikasema ni vya bibi yangu, mama wa watoto wangu. Nikameza siku nne. Mguu ukazidi kuvimba.

Nikarudi kwake nikichechemea. Akaniuliza, mbele ya wamama waliopanga mstari, ninatumia dawa gani. Nikatoa vile vidonge mfukoni kwa fahari.

Mama Kavira alinipa antibiotiki huku akifuta machozi ya kicheko. Mama muzee mmoja akanishika bega:

“Papa Bahati, tulia. Mguu utapona, na wewe mimba hautabeba.”