Mstari Mwekundu Juu ya Jina la Kaka

Miaka ile sukari ilipoadimika, Babati tuligawiwa kwa daftari la kaya. Asiyekuwemo humo alikunywa chai bila sukari. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kata, Bagara, na kazi yangu ilikuwa kuwaondoa waliokufa na waliohama. Karani mkuu, mzee mkali aliyetoka Mbulu, alinifundisha: nakili ukurasa kwanza, piga mstari mmoja tu ili jina liendelee kusomeka, wala usiguse jina kabla hujaangalia nani yuko chini yake. Nilimwona mwoga. Daftari tu lile, si mtoto mchanga.

Amri ikaja kwamba aliyeondoka zaidi ya miezi sita afutwe. Kaka yangu alikuwa na mwaka mzima tangu aende kutafuta kazi, na barua alituma moja tu. Nilijiona mwadilifu kupita kiasi. Nikanakili ukurasa, nikampiga mstari kwa wino mwekundu, nikafunga daftari haraka nisije nikalia ofisini.

Nilichosahau ni kwamba baba alikwisha fariki, kaya yetu ilisimama kwa jina la kaka, na mama, kama wanawake wote wa kwetu, aliandikwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza: Mama Fulani. Jumamosi alipanga foleni tangu asubuhi. Dukani wakamwambia kaya yake haipo. Nilikuwa nimejifuta na mimi mwenyewe, karani hodari.

Alikuja ofisini na kikapu kitupu. Hakugomba. Niliharakisha kumwambia kwamba nitaiandika kaya kwa jina langu, na yeye aitwe Mama kwa jina langu, kwani mimi si nipo? Nilitamani mno akubali. Tangu utotoni sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina langu.

Aliugusa ule mstari kwa kidole.

"Mwanangu, akirudi atajikuta wapi?"

Nikatoa nakala, nikamwandika kaka upya, na mama chini yake. Karani mkuu aliona, akageukia dirishani. Sukari tukaipata. Fungu la kaka mama alilitia kwenye kopo, likakaa humo mpaka likaganda.

Kaka hakurudi. Mama alipofariki, nilikabidhiwa brashi na rangi niandike msalaba wake, maana mwandiko wangu ulisifiwa. Niliandika Mama, nikasita, kisha nikaandika jina la kaka.