Jibu la Kabla ya Kugongana

Kaka yangu alinifundisha migongano kwa kete za keram, barazani kwetu Tandale, akiwa amejifunika blanketi na jua la mchana linawaka. Alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu, uhandisi mwaka wa pili, amekonda mpaka saa ya mkononi inampanda kwenye kiwiko. Nyumbani tulisema ni kifua. Mtaa ulikuwa na jina lingine na sie tulilijua, lakini nani angelitamka mbele ya mama?

Baba alishapunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa. Tegemeo la nyumba lilikuwa kaka, na sasa nilikuwa mie, kidato cha sita, fizikia inanipiga chenga. Nikifeli ningeishia kupanga mafungu ya nyanya sokoni kama wenzangu niliomaliza nao la saba, na nilikuwa nawaona kila siku.

Maswali yenyewe yalikuwa ya aina moja. Kitu kinakwenda, kinakigonga kingine kilichotulia, hakuna nishati inayopotea. Tafuta mwendo wa kila kimoja baada ya hapo. Unaandika mlinganyo wa momenta, unaandika wa nishati, unauingiza mmoja ndani ya mwingine, yanatoka majibu mawili. Hapo ndipo nilipokuwa naharibu. Jibu moja huwa na namba zilezile za kwenye swali, na sie watoto wa tuisheni tulishazoea kwamba ukiona namba unayoifahamu, umepatia. Basi nalizungushia duara, naweka kalamu chini, nimeridhika.

Kaka alikuwa anacheka mpaka anakohoa, kisha anakasirika. Siku moja aliweka kete mbili ubaoni, akaziacha bila kuzigusa.

"Hilo jibu lako ndiyo hili," alisema. "Hesabu haijakosea, ila hapa bado hazijagongana. Hilo ni la kabla. Likate."

Kesho yake nikakosea vilevile. Kichwa kilikuwa kigumu, kweli, lakini pia kila alipokohoa nilisahau nilichokuwa nahesabu, nikabaki namhesabia pumzi.

Alifariki alfajiri ya siku ya mtihani wa fizikia. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Nyumba ikajaa, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje wanafunga turubai. Walikuja hata majirani walioacha kunywa maji kwetu tangu augue, sasa wanalia kwa sauti kubwa kuliko mama. Niliwachukia wote. Nilikaa nimejitanda kanga, chozi halitoki, mpaka mama aliponishika mkono akaniinua.

"Sie wanawake makaburini hatuendi," alisema. "Sasa ukae hapa ufanye nini? Kavae sare."

Shangazi alikuja juu. Mtoto wa kike atoke msibani na rula mkononi, nduguye hata hajaoshwa, watu watasemaje. Mama aliinama miguuni pangu. Alinifunga kamba za viatu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu nikiwa darasa la kwanza, nikapita katikati ya wale wanaume nikaenda zangu.

Swali la mgongano lilikuwepo. Niliandika milinganyo miwili, mkono unakwenda wenyewe, na majibu mawili yakatoka. La kwanza lilisema kila kitu kiko vilevile: kilichokuwa kinakwenda bado kinakwenda, kilichotulia kimetulia, hakuna kilichoguswa. Kihesabu lilikuwa sahihi kabisa. Nililikodolea macho mpaka msimamizi akaja kusimama nyuma yangu. Wallahi nilitaka kulizungushia duara, na safari hii nilikuwa najua ninachofanya. Nilitaka liwe ndilo.

Adhana ya adhuhuri ikaanza kusikika kutoka mitaani. Kwetu walikuwa wanamtoa sasa. Nikachukua rula, nikalikata.